Les Paul, mpiga gita aliyetaka kuwa orkestra nzima peke yake

Siku hizi mwanamuziki anaweza kupanda jukwaani na gita moja tu. Anapiga noti chache, anakanyaga pedali kwa mguu, na yale aliyopiga yanaanza kujirudia yenyewe. Juu yake anaongeza besi. Kisha anagonga mbao ya gita kama ngoma, anakanyaga tena, anaweka sauti yake ya kwanza, halafu ya pili. Baada ya dakika mbili watu wanasikia orkestra, wakati mbele yao amesimama mtu mmoja.

Pedali hiyo imeenea duniani tangu miaka ya 2000. Lakini hamu ya mtu mmoja kujiongeza mbele ya watu ni ya zamani zaidi, na mmoja wa wale walioitafuta kwa bidii kubwa ni Mmarekani Les Paul, aliyefariki mwaka 2009 akiwa na miaka 94. Wengi wanalijua jina lake kwa sababu limeandikwa kwenye gita za kompanyi Gibson. Wachache wanajua kwamba kazi yake ya miaka mingi ilikuwa kutafuta jibu la swali moja: mashini inaweza namna gani kuwa chombo cha muziki mikononi mwa mtu, mbele ya watu waliolipa kuja kumuona?

Mtoto aliyetoboa karatasi

Alizaliwa tarehe 9 mwezi wa sita mwaka 1915 katika Waukesha, mji mdogo wa jimbo la Wisconsin, kaskazini mwa Marekani. Jina alilopewa ni Lester William Polsfuss, jina la familia yenye asili ya Ujerumani. Wazazi wake waliachana angali mtoto, na mama yake Evelyn ndiye aliyemlea.

Nyumbani kwao kulikuwa piano ya aina iliyopendwa sana wakati ule, inayojipiga yenyewe. Ndani yake unazunguka mkunjo wa karatasi yenye matundu. Kila tundu ni noti moja: karatasi inapopita, piano inapiga. Watoto wengine walisikiliza na kucheza. Lester alichukua karatasi ile na kutoboa matundu mapya, ili piano ipige noti ambazo yeye mwenyewe amezichagua. Alipokosea, aliziba tundu na kuanza upya. Kwa namna hiyo alijifunza, kabla ya kujua gita, kwamba kitu kinachojirudia kinaweza kuongezewa kitu kingine juu yake.

Chombo chake cha kwanza kilikuwa armonika, kinanda kidogo cha kupuliza kwa mdomo, alichopewa na mfanyakazi aliyekuwa akichimba mtaro barabarani. Alipoanza gita, hakutaka kuacha armonika. Basi alikunja waya wa kutundikia nguo, akautengeneza kuwa kishikio cha shingoni, akaweza kupuliza na kupiga gita kwa wakati mmoja. Mikono miwili ilikuwa imeanza kumtosha kidogo.

Akiwa kijana alicheza kando ya barabara, mahali palipouzwa nyama choma na wateja wakikaa ndani ya magari yao. Ili wamsikie, alichukua kipande cha simu, akakifunga kwenye redio ya mama yake, na sauti yake ikatoka kwa nguvu. Mteja mmoja akalalamika kwamba sauti inasikika lakini gita haisikiki. Lester akarudi nyumbani, akachomoa kichwa cha sindano cha gramafoni, akakichomeka kwenye mbao ya gita na kuunganisha na redio ya pili. Siku iliyofuata gita ikasikika mpaka magari ya nyuma.

Watu husikiliza kwa macho

Aliacha masomo mapema akafuata muziki, kwanza St. Louis, kisha Chicago. Katika Chicago ya miaka ya 1930 alikuwa na majina mawili. Asubuhi aliitwa Rhubarb Red, mwimbaji wa nyimbo za vijijini redioni. Jioni aliitwa Les Paul, akipiga jazi pamoja na wanamuziki wakubwa wa mji. Aliyemvutia kupita wote alikuwa Django Reinhardt, mpiga gita aliyezaliwa Ubelgiji na kupata sifa Paris, ambaye alipiga vizuri kuliko wenzake ingawa vidole vyake viwili viliharibiwa na moto.

Mwaka 1938 Les Paul alikwenda New York, akaajiriwa katika orkestra ya Fred Waring iliyosikika nchi nzima kwa redio. Kunako mwaka 1941 alipata ruhusa ya kutumia kiwanda cha gita cha Epiphone siku za Jumapili, kilipokuwa kimefungwa. Hapo alitengeneza kitu cha ajabu: kipande kinene cha mbao ya msonobari, cha mraba, upana wake kama sentimeta kumi, kilichowekewa shingo ya gita, nyuzi na vichwa vya umeme. Alikiita Gogo. Kwa kuwa mbao ile ilikuwa nzima bila uwazi ndani, sauti ya nyuzi ilidumu muda mrefu na haikupiga kelele mbaya karibu na spika.

Alipokwenda nacho kwenye baa moja, watu hawakujali. Alirudi kiwandani, akaikata gita ya kawaida katikati, akabandika mabawa yake mawili kwenye ubavu wa Gogo. Sauti ilikuwa ile ile, lakini sasa watu waliona gita, na wakapiga makofi. Somo lile hakulisahau. Jukwaani, watu husikiliza kwa macho pia, na chombo ambacho hawakielewi kwa macho hawakiamini kwa masikio.

Gita nane, mtu mmoja

Mwaka 1943 alihamia California. Wakati wa vita alifanya kazi katika redio ya jeshi la Marekani, na mwaka 1945 alimsindikiza Bing Crosby, mwimbaji mkubwa wa wakati ule, katika wimbo uliofika namba moja. Crosby alimshauri ajenge studio yake mwenyewe. Les Paul aliijenga ndani ya gereji ya nyumba yake huko Hollywood.

Inasimuliwa kwamba siku moja mama yake alimpongeza kwa muziki aliousikia redioni, na aliyekuwa akipiga si yeye. Wapiga gita wengi walikuwa wameanza kumuiga, mpaka mama mzazi akashindwa kumtambua mwanae. Jambo hilo lilimuuma. Alijifungia gerejini akitafuta sauti ambayo hakuna mwingine angeweza kuwa nayo.

Njia aliyotumia inaelezeka kwa urahisi, ila kuifanya ilikuwa taabu. Alikuwa na mashini mbili za kukata diski. Alirekodi gita ya kwanza kwenye diski moja. Kisha aliipiga diski hiyo, naye akapiga gita ya pili juu yake, na vyote viwili vikaingia pamoja kwenye diski ya pili. Halafu gita ya tatu juu ya hizo mbili, na kuendelea. Sehemu fulani alizirekodi mashini ikizunguka polepole. Alipoirudisha kwenye mwendo wa kawaida, gita ikakimbia na kulia juu sana, kwa namna ambayo vidole vya mtu haviwezi.

Msomaji wa Congo ataelewa haraka ukubwa wa kazi hiyo. Katika orkestra ya rumba, solo, mi-solo, akompa na besi ni watu wanne wanaosikilizana na kutazamana. Les Paul alitaka kuwa wote wanne, tena zaidi. Katika wimbo Lover, uliotolewa na kompanyi Capitol mwaka 1948, zinasikika gita nane. Zote ni zake.

Alipokosea gita ya sita, hakuweza kurekebisha gita ya sita peke yake. Diski ile ilikuwa imekufa. Alirudi nyuma na kukata nyingine.

Mkono uliogandishwa

Kabla wimbo ule haujaanza kupendwa, mwezi wa kwanza mwaka 1948, alikuwa safarini katika jimbo la Oklahoma pamoja na mwimbaji kijana aitwaye Colleen Summers. Barabara ilikuwa na barafu. Gari liliteleza, likaacha njia na kuanguka bondeni. Les Paul alivunjika sehemu nyingi, na kiwiko cha mkono wa kulia kilisagika.

Waganga walifikiri kuukata mkono. Baadaye walifikia uamuzi wa kuuokoa, lakini wakamweleza kwamba kiwiko hakitakunjika tena maisha yake yote: mkono utabaki katika hali ile watakayoufunga. Aliwaomba waufunge ukiwa umekunjwa, kiganja kikielekea tumboni, pale ambapo gita hukaa. Kwa muda wa mwaka mmoja na nusu hivi alikaa na plasta. Ilipotolewa, mkono ulikuwa umeganda katika umbo la mpiga gita.

Colleen Summers alibadilisha jina na kuwa Mary Ford. Walioana mwishoni mwa mwaka 1949. Mary alikuwa mwimbaji mwenye sauti tulivu, na mpiga gita hodari. Kuanzia hapo, mtu aliyejiongeza alikuwa na wa kuongezwa pamoja naye.

Kichwa cha nne

Mwaka huo wa 1949 Bing Crosby alimletea zawadi: mashini ya Ampex ya kurekodi kwenye utepe wa sumaku, utepe kama ule wa kaseti lakini mpana zaidi. Mashini hiyo ilikuwa na vichwa vitatu. Cha kwanza hufuta, cha pili hurekodi, cha tatu hutoa sauti. Les Paul aliitazama, akaona kwamba akiongeza kichwa cha nne mbele ya kile kinachofuta, mambo yote yatabadilika.

Utepe unapopita, kichwa kile kipya kinasoma sauti ya zamani kabla haijafutwa. Sauti hiyo inachanganyika na ile mpya inayotoka kwenye gita au mikro. Kisha utepe unafutwa, na mchanganyiko wa vyote viwili unarekodiwa pale pale, sekunde ile ile. Mashini moja ikawa inafanya kazi ya mbili, tena ilibebeka katika gari. Mary na Les walianza kurekodi popote: vyumba vya hoteli, sebule, jikoni.

Lakini hatari ilikuwa kubwa kuliko zamani. Kwa diski, ya kale ilibaki hata mpya ikiharibika. Kwa utepe huu, ya kale ilifutwa wakati mpya ikiingia. Kama walikuwa wameshaweka sehemu kumi, na katika ya kumi na moja Mary akakohoa au ndege ikapita juu ya nyumba, zote kumi zilikwenda na maji. Wangeanza tena kwenye ya kwanza.

Tena kila mara sauti ilipopita ilipoteza kidogo ung'avu wake. Kwa hiyo walipanga kinyume cha mazoea: vitu vidogo vya nyuma viliwekwa kwanza, na sauti kuu ya Mary pamoja na gita ya solo vikawekwa mwisho ili vibaki safi. Walilazimika kuujua wimbo mzima kichwani kabla ya kupiga noti ya kwanza.

Matunda yake yalikuwa How High the Moon, waliourekodi mwanzoni mwa mwaka 1951 katika nyumba yao ya mtaa wa Queens, New York. Ulikaa namba moja nchini Marekani kwa majuma tisa. Mwaka 1953 Vaya con Dios ulikaa majuma kumi na moja. Mwaka 1952 Gibson ilianza kuuza gita yenye jina la Les Paul, ya mbao nzima isiyo na uwazi, jamaa wa lile Gogo ambalo watu wa baa walikuwa wamelidharau.

Aibu ya jukwaani

Hapo ndipo tatizo kubwa lilipoanza. Watu waliosikia diski hizo walinunua tiketi. Walitaka kusikia Mary wengi na gita nyingi. Na jukwaani walikuwepo mwanamke mmoja na mwanaume mmoja.

Suluhisho la kwanza lilikuwa ujanja. Mary alikuwa na ndugu wa kike ambaye sauti yake ilifanana na yake. Alifichwa nyuma ya jukwaa, mahali watu hawawezi kumuona, akiwa na mikro. Mary alipoimba, ndugu yake aliimba sauti ya pili, na ukumbi ukasikia Mary wawili. Watu walitazama huku na huku wakitafuta mashini, hawakuiona. Siri hiyo ilitunzwa kwa miaka.

Ujanja ulifanikiwa, lakini ulimuweka Les Paul mahali pabaya. Yeye aliyetumia usiku na mchana kutafuta namna ya kujiongeza kweli, sasa alikuwa anapigiwa makofi kwa mashini ambayo haikuwepo. Katika kipindi chao cha redio, kuanzia mwaka 1950, alikuwa amebuni hata jina lake: Les Paulverizer, mashini ya mchezo ambayo eti ingeweza kuzidisha chochote, gita moja iwe sita, Mary mmoja awe watatu. Wasikilizaji walicheka. Wengine waliamini. Wapiga gita waliandika barua wakiuliza inauzwa wapi.

Kunako mwaka 1956 aliufanya mchezo uwe kweli. Alitengeneza kisanduku kidogo chenye vitufe, akakifunga juu ya gita yake. Waya zilitoka hapo hadi kwenye mashini ya utepe iliyokaa nyuma ya jukwaa. Akiwa amesimama mbele ya watu, bila kuacha kupiga, aliweza kwa kidole kuuanzisha utepe, kuusimamisha na kuita tabaka za sauti alizokuwa ameziandaa, kisha akapiga juu yake.

Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya sauti hizo ilirekodiwa nyumbani kabla ya onyesho. Kwa maana hiyo kisanduku chake kilikuwa bado hatua moja nyuma ya pedali ya leo, inayonasa papo hapo mbele ya watu. Lakini jambo la msingi lilikuwa limetendeka. Mashini ya kurekodi ilikuwa imetoka studio, imepanda jukwaani, na kitufe chake kilikuwa chini ya mkono ule ule unaogusa nyuzi.

Na mashini haisubiri mtu. Mpiga ngoma akimuona mwenzake amechelewa, atamvumilia nusu ya pigo, atamfuata. Utepe haufuati mtu. Les Paul alilazimika kuingia pale pale unapoingia, na kutoka unapotoka, huku akitabasamu na kupiga maskhara na Mary kana kwamba hakuna kazi. Wale waliodhani mashini inamrahisishia hawakujua kwamba ndiyo iliyomfunga zaidi. Aliyezoea kupiga na binadamu anaweza kusamehewa. Anayepiga na sauti yake mwenyewe iliyorekodiwa anakutana na mwenzake asiyesamehe.

Mnyama wa mikono minane

Les Paul aliendelea kudai zaidi. Aliwashawishi watu wa Ampex wamtengenezee mashini ya njia nane, ambamo kila sauti inakaa kwenye mstari wake bila kuharibu nyingine. Ilifika mwaka 1957, ikamgharimu dola elfu kumi, fedha nyingi sana kwa wakati ule. Aliiita Pweza, jina la mnyama wa baharini mwenye mikono minane. Ile hofu ya kupoteza sehemu kumi kwa kikohozi kimoja ikawa imekwisha. Studio nyingi zilifuata njia hiyo katika miaka iliyofuata.

Lakini mashini ilipofika, wakati wake ulikuwa unapita. Rock and roll ilikuwa imewateka vijana, na diski za Les Paul na Mary Ford hazikuuzwa tena kama zamani. Nyumba yao huko Mahwah, jimbo la New Jersey, ilikuwa studio kwanza na makao baadaye. Mary alichoka na safari zisizokwisha, na maisha ambamo hata chumba cha kulala kina waya na mikro. Mwishoni mwa mwaka 1964 waliachana. Mary Ford alifariki mwaka 1977, akiugua kisukari, akiwa na miaka 53.

Ni vigumu kuhesabu maisha ya Les Paul bila kuweka jambo hilo kwenye mizani. Sauti zile zilizozidishwa, zilizouzwa kwa mamilioni, zilikuwa za mwanamke aliyesimama mbele ya mikro usiku baada ya usiku, akirudia sehemu ya kwanza kwa sababu ya kumi iliharibika. Mashini ilijengwa na bwana. Uvumilivu ulitoka kwa wote wawili.

Jumatatu usiku

Kwa miaka kadhaa alionekana kama amestaafu. Alikaa nyumbani kati ya mashini zake, akifungua na kufunga. Mwaka 1976 alitoa diski pamoja na Chet Atkins, mpiga gita mwingine mkubwa, na diski hiyo ikawapatia tuzo ya Grammy. Mwaka 1980 alifanyiwa upasuaji mkubwa wa moyo. Alipopona, daktari wake alimhimiza afanye kazi kwa bidii, na kazi aliyoijua ilikuwa ile moja.

Kuanzia mwaka 1984 alianza kupiga kila Jumatatu usiku katika klabu ndogo ya New York iitwayo Fat Tuesday's, na baadaye, katikati ya miaka ya 1990, alihamia klabu ya Iridium. Hakuwa na gita nane wala utepe wa nyuma. Alikuwa na wanamuziki wachache na vichekesho vyake vya kale. Ugonjwa wa viungo ulikuwa umekakamaza vidole vyake vingi. Katika mkono wa kushoto vilibaki viwili vya kutegemewa. Kiwiko cha kulia bado kilikuwa pale kilipofungwa mwaka 1948. Mtu aliyekuwa amejizidisha mara nane alikuwa sasa amepunguzwa, na watu walijaza ukumbi kila juma.

Wapiga gita wa dunia nzima walipita pale kumsalimia na kupiga naye. Mwaka 1988 aliingizwa katika Jumba la Heshima la Rock and Roll, na mwaka 2005 katika lile la wavumbuzi wa Marekani. Mwaka 2006, akiwa na miaka 90, alipata tuzo mbili za Grammy. Aliendelea na Jumatatu zake hadi katikati ya mwaka 2009.

Alifariki tarehe 12 mwezi wa nane mwaka 2009 katika White Plains, jimbo la New York, kutokana na ugonjwa wa mapafu. Alizikwa Waukesha, karibu na kaburi la mama yake Evelyn.

Waliochukua mzigo

Hatua iliyobaki, ile ya kunasa sauti papo hapo na kuirudia mbele ya watu, ilikamilishwa na wengine. Mwaka 1963, Mmarekani Terry Riley akiwa katika studio ya redio ya Ufaransa huko Paris, fundi mmoja alimpitishia utepe mmoja katika mashini mbili: ya kwanza inarekodi, ya pili inatoa, na kinachotoka kinarudishwa kwenye ya kwanza. Kila kinachopigwa kinarudi baada ya sekunde chache, tena na tena, huku kikipungua polepole. Riley alikwenda na njia hiyo jukwaani, akipiga usiku mzima. Kunako mwaka 1973 Waingereza Robert Fripp na Brian Eno walitoa diski iliyotengenezwa kwa mashini mbili za namna hiyo na gita moja.

Kisha elektroniki ikachukua nafasi ya utepe. Sauti ikahifadhiwa ndani ya kifaa kidogo bila kitu chochote kuzunguka, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 kifaa hicho kikawa pedali ya sakafuni ambayo mwanamuziki wa kawaida anaweza kuinunua. Leo kuna waimbaji wanaojaza viwanja vya mpira wakiwa peke yao na gita na pedali hiyo.

Pedali hiyo imemaliza siri. Hakuna ndugu aliyefichwa nyuma ya pazia. Mwimbaji anajenga wimbo wake mbele ya macho ya watu, tabaka baada ya tabaka, na kila mmoja ukumbini anaona kila kitu kimetoka wapi. Ni kile ambacho Gogo lenye mabawa lilikuwa limemfundisha Les Paul mapema.

Kitu kimoja hakijabadilika tangu kichwa cha nne. Akikanyaga mapema kidogo au kuchelewa kidogo, kosa linaingia ndani ya duara, na duara litalirudia bila huruma mpaka mwisho wa wimbo. Kwa hiyo wapiga gita wanaoanza kutumia pedali hiyo huambiwa na walimu wao wajizoeze kwanza bila pedali, mpaka mguu na mkono vijue kuhesabu pamoja.